AKIBA YA DOLA NI YA NANI?

Ndugu Wanachama wa Meru na Embu,

Akiba haiozi. Hivyo ndivyo wazee walivyotufundisha, nasi hatubishi. Lakini wazee hao hawakusema kwamba watu wote watie nafaka ghalani, kisha ufunguo ushikwe na mmoja, na panya wakila, hasara irudi kwa wale waliolima.

Katika mwaka 2025 tulisikia habari njema katika redio na katika mikutano ya hadhara: akiba ya fedha za kigeni katika Benki Kuu ya Kenya imepita dola bilioni 10, na shilingi imesimama kiasi cha 129 kwa dola moja. Viongozi walisimama jukwaani wakasema nchi imepona. Nasi tulipiga makofi pamoja na wengine. Kisha tukarudi nyumbani tukakuta sufuria ni ile ile na deni la dukani ni lile lile.

Basi twauliza maswali matatu, na tunataka kila mwanachama ayaelewe kabla ya mazungumzo ya mishahara. Dola hizi hutoka wapi? Zikipungua, ni nani anayelipa? Zikijaa, ni nani anayekula?

AKIBA HII NI KITU GANI

Wako wanachama wanaodhani kwamba akiba hii ni fedha za Serikali za kulipia walimu na kutengeneza barabara ya Embu mpaka Meru. Sivyo. Mwalimu hulipwa kwa shilingi. Akiba hii ni dola, pauni, yuro na kadhalika, ambazo Benki Kuu huziweka ili nchi iweze kuwalipa wageni wasioitaka shilingi yetu. Mwenye mafuta ya petroli kule Uarabuni haitaki. Mwenye mbolea haitaki. Mwenye kutudai deni haitaki kabisa.

Ifananishe na ghala la mahindi. Mama wa nyumba hapimi ghala kwa magunia peke yake. Hupima kwa miezi. Hujiuliza, “Haya yatatufikisha mvua gani?” Benki Kuu nayo hupima hivyo hivyo: dola zilizopo zatosha kununua vitu vya nje kwa miezi mingapi? Sheria yaitaka ijitahidi isipungukiwe na miezi minne. Mwaka 2023 ghala la Kenya lilishuka chini ya miezi minne, na ndio mwaka ambao shilingi ilianguka kila wiki.

Tena kuna jambo la pili kuhusu ghala. Mahindi yaliyomo yaweza kuwa ya shamba lako, au yaweza kuwa ya kukopa kwa jirani. Ukichungulia mlangoni huoni tofauti yoyote. Tofauti utaiona siku ile jirani anapokuja na magunia matupu kudai chake. Liweke neno hili moyoni, tutalirudia mbele.

WANAOJAZA GHALA

Swali la kwanza halihitaji mtaalamu kutoka Nairobi. Jibu lake liko mbele ya macho yetu kila asubuhi.

Kahawa ya Embu na ya Imenti huuzwa kwa mnada Nairobi, na bei yake hutajwa kwa dola. Chai ya Mungania na Rukuriri, ya Kinoro na Githongo na Michimikuru, huuzwa kwa mnada Mombasa, nayo kwa dola. Maua na mboga za Timau hupakiwa ndege kwenda Ulaya. Makadamia za Embu na Meru huliwa na watu wa mbali. Miraa ya Igembe na Tigania hukimbizwa na magari kutoka Maua mpaka uwanja wa ndege, ifike kabla haijakauka.

Sasa mtazame anayeifanya kazi yenyewe. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Mchuma kahawa hulipwa kwa debe. Mkata maua hulipwa kwa mwezi. Mfunga miraa hulipwa kwa siku. Wote hulipwa kwa shilingi, na hakuna hata mmoja wao aliyepata kuiona ile dola aliyoizaa.

Tena soko la dola likifungwa, wa kwanza kulala njaa ni hao hao. Uingereza ilipopiga miraa marufuku mwezi wa Juni 2014, na Somalia ilipoikataa kutoka Machi 2020 mpaka Julai 2022, hakuna waziri aliyekosa chakula cha jioni. Waliokosa ni wafungaji, wachumaji na wapakiaji wa Maua, Laare na Kangeta.

Hata hivyo, yuko mjazaji wa ghala aliye mkubwa kuliko chai na kahawa. Ni mtoto wetu aliyekwenda ng'ambo. Ni muuguzi aliye Uingereza, dereva aliye Qatar, msichana wa kazi za nyumbani aliye Saudi Arabia, na ndugu aliye Marekani. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walileta nyumbani kiasi cha dola bilioni 4.9. Mwaka huo huo chai yote iliyouzwa nje ililetea nchi shilingi bilioni 181 na zaidi kidogo. Fanya hesabu: fedha za watoto wetu zilizidi fedha za chai yote ya Kenya zaidi ya mara tatu. Nani awezaye kusema kwamba akiba hii ni kazi ya wakubwa? Ni kazi ya wafanyi kazi, walio hapa na walio huko.

WIMBO WA MWAKA 1921

Swali la pili na la tatu yataka tuyajibu kwa historia, maana mambo haya si mageni.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza fedha ya nchi hii ilikuwa rupia, na rupia moja ilikuwa sawa na shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza. Mwaka 1920 iliamuliwa rupia iwe shilingi 2. Maana yake, setla aliyeuza kahawa yake London, ambaye zamani alipata rupia 15 kwa kila pauni, sasa alipata rupia 10 tu. Tena bei za mazao zilikuwa zimeanguka. Setla akalia kwamba amekwisha.

Akafanya nini? Hakupunguza farasi wake wala whisky yake. Mwaka 1921 masetla waliafikiana kupunguza mshahara wa Mwafrika kwa theluthi moja. Kosa la fedha lilifanywa na wakubwa, na faini ikalipwa na kibarua.

Aliyesimama kulipinga jambo hilo alikuwa kijana aliyekuwa mfanyi kazi wa simu katika Hazina ya Serikali mjini Nairobi, Harry Thuku. Alikamatwa mwezi wa Machi 1922. Wafanyi kazi wakagoma, wakakusanyika kumtaka, na tarehe 16 Machi wakapigwa risasi, wengi wakafa. Ndugu, mkiambiwa kwamba bei ya fedha za kigeni ni jambo la wasomi wala halimhusu kibarua, kumbukeni kwamba watu wa kwanza waliokufa kwa ajili ya mishahara mjini Nairobi walikufa katika ugomvi ulioanza na bei ya rupia.

LONDON ILIKUWA NDIYO GHALA

Baada ya rupia ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Ilitolewa na Bodi ya Sarafu iliyoundwa mwaka 1919, na Bodi hiyo ilikaa London mpaka mwaka 1960. Sheria yake ilikuwa nyepesi kueleza: ukiiletea Bodi pauni moja London, inakutolea shilingi 20 huku. Kwa hiyo karibu kila shilingi iliyozunguka katika soko la Meru au la Embu ilikuwa na mwenzake, kipande cha pauni, amekaa London. Hakukaa bure. Sehemu kubwa ya pauni hizo ziliwekwa katika hati za deni za Serikali ya Uingereza na za makoloni yake. Mchuma kahawa wa Embu alikuwa akiikopesha Uingereza, na habari hiyo hakupewa.

Tena ikumbukwe kwamba kahawa yenyewe Mwafrika alikatazwa kuipanda muda mrefu. Ruhusa ilianza kutolewa kidogo kidogo, kwa kipimo, katika miaka ya 1930, Kisii, Embu na Meru. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952 wazee wetu walichimba mitaro na kutengeneza barabara kwa amri, bila malipo. Mwaka 1954 ukaja mpango wa Swynnerton wa kuongeza mazao ya kuuza nje katika mashamba ya Waafrika. Mazao yaliongezeka kweli. Lakini ghala lilikuwa London, na ufunguo ulikuwa London.

BENKI YETU, KAHAWA YETU

Uhuru ukaja mwaka 1963, na mwezi wa Septemba 1966 Benki Kuu ya Kenya ikaanza kazi na noti zetu wenyewe zikatolewa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba 1967, Waingereza waliishusha pauni yao. Kenya haikuifuata. Pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14. Ilikuwa siku ya fahari, nasi twaisifu. Lakini ilikuwa pia funzo: akiba iliyokuwa imewekwa katika pauni ilipunguzwa thamani usiku mmoja kwa uamuzi wa watu wengine.

Kisha ikaja neema. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil. Kufika mwaka 1977 ratili moja ya kahawa ilipita dola 3 katika soko la dunia. Wazee wa Meru na Embu hawaisahau miaka ile. Nyasi ziliondolewa juu ya nyumba zikaja mabati, watoto wakapelekwa shule, na magari yakaingia vijijini ambako zamani ilikuwa baiskeli tu. Na kule Nairobi ghala la Benki Kuu likajaa.

Lilikaa na kujaa kwa muda gani? Halikukaa. Bei ya kahawa ilirudi chini, vitu vya nje vikaagizwa kwa wingi kana kwamba kahawa haitashuka tena, na kufika mwaka 1978 nchi ilikuwa na upungufu mkubwa. Mwaka 1979 mafuta yakapanda bei. Mwezi wa Machi 1980 Kenya ikatia sahihi mkopo wake wa kwanza wa Benki ya Dunia wenye masharti ya kurekebisha uchumi. Kutoka neema mpaka masharti ilikuwa miaka mitatu.

Na mfanyi kazi wa mshahara? Mikono yake ilifungwa tangu mwaka 1973, Serikali ilipotoa mwongozo wa mishahara kwa Mahakama ya Kazi. Mwongozo huo ulisema kwa maneno machache hivi: bei za vitu zikipanda, mshahara usipande sawasawa nazo, upande kwa sehemu tu. Wakati ghala limejaa aliambiwa angoje, asije akaharibu neema. Wakati ghala limekauka aliambiwa afunge mkaja, kwa kuwa neema imekwisha. Mwongozo huo ulilegezwa mwaka 1994 tu, baada ya miaka ishirini na zaidi.

DHAHABU ISIYOKUWAKO

Sasa tuje kwenye aibu. Kenya haina machimbo ya almasi, na dhahabu yake ni kidogo. Lakini katika miaka ya 1990 mpaka 1993 kampuni ya Goldenberg ilidai kwamba inauza nje dhahabu na almasi, na kwa kila dola iliyodai kuileta ililipwa na Serikali tuzo ya asilimia 35. Sababu iliyotolewa ilikuwa nini? Nchi ina haja ya fedha za kigeni! Mwezi wa Novemba 1991 wafadhili walikuwa wamezuia misaada, ghala lilikuwa likikauka, na njaa hiyo ya dola ikageuzwa mlango wa wizi. Tume ya Jaji Bosire, iliyoundwa mwaka 2003, ilieleza habari hizo hadharani.

Katika mwaka mmoja wa 1993 dola ilitoka kiasi cha shilingi 36 ikafika kiasi cha shilingi 68. Bei za vitu zilipanda kwa karibu nusu nzima, kiasi cha asilimia 46. Mfanyi kazi aliyekuwa na mshahara wa kununulia mikate kumi akajikuta na mshahara wa mikate saba, wala hakuna aliyeingia nyumbani kwake kumwibia. Aliibiwa kwa njia ya shilingi.

Nani aliitoa siri? Si mkurugenzi wala waziri. Ni karani wa Benki Kuu, David Munyakei, mfanyi kazi kama sisi, aliyeona karatasi zinazopita mezani pake akakataa kunyamaza. Malipo yake yalikuwa kukamatwa na kufutwa kazi. Alifariki mwaka 2006, akiwa maskini. Walioitwa wakubwa wa mambo yale waliendelea kulala majumbani mwao. Asante ya punda ni mateke, lakini hapa punda ndiye aliyebeba mzigo, na mateke akapigwa yeye.

GHALA LA KUKOPA

Mwaka 2014 Kenya ilikopa dola bilioni 2 katika soko la nje kwa riba ya asilimia 6.875, zilipwe Juni 2024. Akiba ikanona. Tukaambiwa nchi ni imara. Lakini hayo yalikuwa mahindi ya jirani, na jirani alitaja siku.

Siku ilipokaribia, watu wote duniani waliona kwamba Kenya ina deni kubwa na ghala lisilotosha. Dola iliyokuwa shilingi 113 mwanzo wa mwaka 2022 ikafika 123 mwanzo wa mwaka 2023, ikapita 160 mwezi wa Januari 2024. Mwaka 2023 Serikali ilifanya mapatano na makampuni ya mafuta ya nchi za Ghuba, mafuta yaje kwa mkopo wa miezi sita, ili dola zisitafutwe zote kwa siku moja. Hiyo nayo ni kuahirisha malipo. Mwezi wa Februari 2024 Serikali ikakopa tena dola bilioni 1.5, kwa riba ya asilimia 9.75, na kwa fedha hizo ikalipa sehemu kubwa ya lile deni la 2014. Hofu ikapungua, na kufika mwisho wa Machi dola ikarudi kiasi cha shilingi 130.

Hatusemi kwamba ilikuwa kosa kulipa deni. Asiyelipa hakopeshwi. Twasema hivi: deni la riba ya asilimia 6.875 lilizimwa kwa deni la riba ya asilimia 9.75, kisha watu wakaitwa uwanjani kushangilia shilingi. Aliyelipa katikati ya mambo hayo hakuitwa jukwaani.

WIMBO ULE ULE

Tuseme sasa aliyelipa ni nani, kwa hesabu isiyo na fumbo.

Mwezi wa Mei 2022 kima cha chini cha kibarua wa shamba asiye na ufundi kiliwekwa kuwa shilingi 7,544 na senti 66 kwa mwezi. Siku hizo dola ilikuwa shilingi 116. Kwa hiyo kibarua huyo alikuwa na dola 65. Mwezi wa Januari 2024, dola ilipofika 160, mshahara ulikuwa ule ule, nao ulikuwa dola 47. Mwezi wa Novemba 2024 kima cha chini kiliongezwa asilimia 6, kikawa shilingi 7,997 na senti 33. Dola ilikuwa 129. Kibarua akawa na dola 62.

Soma tena. Dola 65, kisha 47, kisha 62. Baada ya nyongeza iliyopigiwa tarumbeta, na baada ya shilingi kupona, mfanyi kazi wa shamba alikuwa bado hajafika pale alipokuwa mwaka 2022. Na mafuta ya kupikia, unga wa ngano, dawa za hospitali na nauli, vyote vilivyopanda na dola, havikushuka kama dola ilivyoshuka. Mwezi wa Oktoba 2023 lita moja ya petroli Nairobi ilikuwa shilingi 217. Haki itendwe: si shilingi peke yake iliyoipandisha, maana ushuru wa mafuta nao ulikuwa umeongezwa mwezi wa Julai kutoka asilimia 8 mpaka 16. Lakini mfuko uliotoa ni ule ule.

Sasa msikilizeni tajiri. Hatumtaji jina, maana si mmoja. Mwaka 2023 tulipokwenda mezani alituambia, “Ndugu zangu, shilingi imeanguka, mbolea na dawa ni ghali, hakuna nyongeza.” Tulimwelewa, tukarudi. Mwaka 2024 tulipokwenda tena alituambia, “Ndugu zangu, shilingi imepanda, dola zangu zinaleta shilingi chache, hakuna nyongeza.” Hapo ndipo tulipotazamana.

Ikianguka, hakuna. Ikipanda, hakuna. Je, shilingi ifanye nini ndipo mfanyi kazi aongezwe?

Fanya hesabu yake kama ulivyofanya yako. Ua au chai iliyouzwa dola moja ilimletea shilingi 116 mwezi wa Mei 2022. Januari 2024 ilimletea shilingi 160. Kutoka 116 mpaka 160 hakutuita kutupasha habari. Iliposhuka kutoka 160 mpaka 130 alilia kama aliyefiwa. Lakini 130 bado ni zaidi ya 116 kwa shilingi 14! Twakubali kwamba dawa, mbolea na nauli ya ndege huzilipa kwa dola, na upande huo hakupata faida. Lakini sisi hatulipi kwa dola. Mshahara wetu ndio mzigo pekee uliokuwa mwepesi kwake kila dola ilipopanda. Ni wimbo ule ule wa setla wa mwaka 1921, umebadilishwa mwimbaji.

TWAWAJIBU WANAOTUPINGA

Wako wanaosema, “Nyinyi mnataka akiba iliwe.” La. Sisi ndio wa kwanza kutaka ghala lijae, kwa kuwa likikauka sisi ndio tunaokufa. Mwaka 1993 na mwaka 2023 zimetufundisha vya kutosha. Hatuombi tupewe dola za Benki Kuu. Twataka haki yetu katika fedha tulizozaa kabla hazijafika huko.

Wako wanaosema, “Mishahara ikipanda, watu watanunua vitu vya nje na dola zitaisha.” Kibarua wa shilingi 7,997 hununua nini? Mahindi, maharagwe, ndizi, sukuma wiki na kuni. Vitu hivyo huzaliwa Mwea, Mbeere na Igoji, wala haviji kwa meli. Anayemaliza dola ni mwenye gari kubwa la nne kwa moja, na mwenye kumpeleka mtoto shule ya ng'ambo. Hao hawakuambiwa wafunge mkaja.

Tena wako wanaosema, “Mkulima mdogo hana cha kuwalipa.” Hapo twasema polepole, maana mwenye miche 200 ya kahawa si tajiri, mara nyingi ni baba yako au shangazi yako, naye hulipwa baada ya kila mtu kukata chake. Huyo si adui. Huyo na mchumaji wake wako upande mmoja wa mizani, na twataka wasigombanishwe.

TWATAKA NINI

Kwanza, katika kila mapatano ya mishahara na waajiri wanaouza nje, kiandikwe kifungu kwamba shilingi ikianguka kwa sehemu moja ya kumi, pande mbili zirudi mezani mara moja, bila kungoja miaka miwili iishe.

Pili, mwajiri anayelia juu ya dola alete mezani vitabu vyake vya mauzo, vyenye bei ya dola na siku aliyoibadilisha. Asiyeleta vitabu asitutajie dola.

Tatu, kila Serikali inapotangaza akiba, itangaze pamoja nayo ni kiasi gani kimetokana na mazao na jasho, ni kiasi gani cha kukopa, na ni lini mwenye kukopesha anakuja kudai. Ghala litajwe pamoja na deni lake.

Nne, kahawa ikaangwe hapa na chai ipakiwe hapa. Kuuza mbegu mbichi kwa gunia na kuacha kazi ya kiwandani kwa watu wa Ulaya ni kuziacha dola njiani. Mwaka 1988 Kenya ilifika kiasi cha tani 130,000 za kahawa kwa msimu. Miaka hii hupata kiasi cha tani 50,000. Mibuni iling'olewa kwa sababu haikumlipa mkulima wala mchumaji. Anayetaka dola aanze kwa kumlipa anayezizaa.

Tano, mabinti na vijana wetu walioko nchi za Ghuba walindwe na mabalozi wetu. Haiwezekani fedha zao zitajwe katika hotuba na machozi yao yasitajwe.

KAZI YETU WENYEWE

Ndugu, tusilaumu wengine tu. Ni wangapi kati yetu waliokwenda mezani mwaka 2023 wakiijua bei ya dola ya siku hiyo? Wachache. Tulikwenda na njaa, mwenzetu alikwenda na karani wa hesabu.

Kwa hiyo kila kamati ya mahali pa kazi na inunue daftari moja. Kila mwisho wa mwezi, mtu mmoja aliyechaguliwa aandike bei ya unga, ya sukari, ya mafuta ya kupikia, ya mafuta ya taa, nauli ya kufika mjini, na mwisho wake bei ya dola siku hiyo. Mistari sita tu. Daftari la miezi ishirini na minne likiwekwa mezani litasema kuliko hotuba. Harry Thuku alikuwa mtu wa simu na Munyakei alikuwa karani. Wote wawili waliutumia ujuzi wa kazi yao. Nasi tuna kalamu.

Na mtozo wa chama ulipwe. Katibu hawezi kwenda Nairobi kwa miguu.

Siku nyingine tutakapoitwa uwanjani tushangilie dola zilizojaa, tutakwenda, maana ni dola zetu. Lakini tutakwenda na daftari kwapani, na makofi yetu tutayaweka mpaka tusikie majibu ya yale maswali matatu.

Umoja ni nguvu.

Sisi, Kamati ya Tawi, Meru na Embu